Saa moja pale Bryn Derwin: kisa cha Llywelyn na ndugu zake waliogombea Gwynedd

Mwezi wa 6 mwaka 1255 ndugu watatu wa baba mmoja walikutana kwenye njia ya milimani inaitwa Bryn Derwin, kaskazini magharibi mwa Wales, kila mtu na watu wake wenye silaha. Upande mmoja Llywelyn, upande wa pili kaka yake Owain na mdogo wao Dafydd. Kumbukumbu za watawa wa kule zinasema ndani ya saa moja kazi ilikuwa imeisha, Owain kadakwa, Dafydd kadakwa, na Llywelyn kabaki mwenyewe na Gwynedd, ule utawala wa kaskazini mwa Wales, yote upande wa magharibi wa mto Conwy. Miaka 28 baadae ukoo mzima ulikuwa umefutwa, mmoja kichwa chake kimetundikwa London, mwingine kakatwa vipande vinne, watoto wako jela au kwenye nyumba ya watawa, na Wales iko mkononi mwa mfalme wa Uingereza.

Sasa ukiuliza kwanini, jibu utakalopewa haraka ni kwamba Wawelsh walijimaliza wenyewe kwa desturi yao ya kugawana urithi, ndugu kila siku wanachinjana. Mi naona hiyo ni nusu ya stori, tena ni ile nusu ambayo Waingereza wenyewe wanaipenda. Ngoja tuifumue hii kesi taratibu.

Kwanza kitu kimoja cha kujua, Wales haikuwahi kuwa nchi ya mfalme mmoja kwa muda mrefu. Kulikuwa na Gwynedd kaskazini, Powys katikati, Deheubarth kusini, na tangu Wanormani, wale wa kutoka Ufaransa walioiteka Uingereza, waje kulikuwa pia na mabwana wa mpakani waliojimegea vipande vyao. Zamani watawala wa Wales walijiita wafalme, ila kuanzia karne ya 12 wakaanza kutumia neno tywysog, maana yake kiongozi. Gwynedd ndo ilikuwa ngumu kuliko wote kwasababu ya jiografia, nyuma kuna milima ya Eryri, mbele mto Conwy, pembeni kisiwa cha Môn ambacho ndo ghala la nafaka. Kumbuka hilo ghala, tutalirudia.

Kuhusu urithi, sheria zao ambazo wanasema zilitoka kwa mfalme Hywel Dda wa karne ya 10, zinataka shamba la marehemu ligawanywe kwa watoto wote wa kiume, na mtoto wa nje ya ndoa anaingia humohumo bila shida ili mradi baba alimkubali. Na kuna kipengele nakipenda sana: mdogo wa mwisho ndo anagawa mafungu, halafu mkubwa anachagua kwanza. Ukigawa kwa ujanja unajikata mwenyewe. Hebu niambie mirathi ngapi unazozijua zingeisha vizuri kwa mtindo huo.

Ila hiyo ni sheria ya SHAMBA. Kwenye kiti cha utawala sheria hizohizo zinamtaja mrithi mmoja, wanamwita edling, anayekaa karibu na mfalme na kuheshimiwa baada yake. Kwahiyo kwa maandishi ufalme haukuwa wa kugawana kama ng'ombe. Tatizo ni kwamba kila mtoto wa mtawala alikuwa anajua kwamba kwa jirani yake mkulima kila kaka anapata fungu, sasa yeye mtoto wa mkubwa akose ana ubaya gani? Na wafuasi wapo, maana kila kaka ana watu waliomlea na wanaosubiri ale ili na wao wale.

Stori yenyewe inaanzia kwa babu yao hawa ndugu, Llywelyn ab Iorwerth, yule wanamwita Llywelyn Mkuu. Huyu alikuwa na watoto wawili wa kiume, Gruffudd ambaye ndo mkubwa na mama yake ni Mwelsh anaitwa Tangwystl, ila ndoa ya kanisa hakuna, na Dafydd ambaye mama yake ni Siwan, binti wa nje wa mfalme John wa Uingereza. Babu akasema mimi desturi ya kugawana sitaki, yote anachukua Dafydd. Mwaka 1222 akapata baraka za papa Honorius III, na barua ya papa inaiita ile desturi ya zamani kitu cha kuchukiza kabisa. Mwaka 1238 akawakusanya wakubwa wa Wales pale monasteri ya Ystrad Fflur wamwapie Dafydd utii. Kwa wanaosema tatizo lilikuwa desturi, hapa sasa desturi imefutwa, mrithi ni mmoja, papa kakubali, wakubwa wameapa. Kikatokea nini?

Babu kafa mwaka 1240. Dafydd akamfungia Gruffudd ngomeni. Mke wa Gruffudd, Senana, mama ambaye nadhani hajapewa sifa anazostahili, akaenda mwenyewe kwa mfalme Henry III akafunga naye mkataba wa kumlipa pesa ili mumewe atolewe na apewe haki yake, na kama dhamana akawatoa watoto wake wadogo wawili, Dafydd (huyu sasa ni Dafydd mtoto wa Gruffudd, majina yanajirudia vumilia) na Rhodri. Henry akaingia Wales 1241, akashinda bila jasho, akamchukua Gruffudd kweli kutoka kwa kaka yake... halafu akaenda kumfungia Mnara wa London. Mama wa watu kalipia mumewe ahamishwe jela tu. Maana kwa Henry, Gruffudd huru hana faida yoyote, ila Gruffudd aliye kabatini ni tishio la kumwonyesha Dafydd kila akileta jeuri.

Tarehe 1 Machi 1244, sikukuu ya mtakatifu Dafydd wa Wales, Gruffudd akafunga mashuka na vitambaa akatengeneza kamba, akajitosa dirishani atoroke. Alikuwa mtu mnene, jela ilikuwa imemnenepesha. Kamba ikakatika, akafa palepale chini ya mnara.

Miaka miwili baadae Dafydd, yule ndugu yake Gruffudd, nae kafa, hana mtoto. Kwahiyo ule mpango wa mrithi mmoja uliishia hapo, na haki ikarudi kwa wale watoto wa Gruffudd: Owain Goch (Owain Mwekundu), Llywelyn, Dafydd na Rhodri. Na hapa ndo kuna kitu watu wanakiruka. Owain alikuwa amekaa mikononi mwa Waingereza pamoja na baba yake, alipotoka ndo akawa anashikiliwa kama karata ya akiba, akatoroka kuja Gwynedd aliposikia ba'mdogo kafa. Llywelyn yeye alibaki nyumbani, akasimama na ba'mdogo wake huyohuyo aliyemfunga baba yake, akapigana upande wake. Ukiwa ndugu yake lazima utamuona msaliti. Ukiwa askari wa Gwynedd unaona huyu ndo alikuwepo wakati tunakula majani. Kwa mawazo yangu Bryn Derwin ilishaamuliwa hapo, miaka tisa kabla.

Mwaka 1247 pale Woodstock wawili hawa wakubwa wakapiga magoti kwa Henry. Henry akachukua eneo lote la mashariki mwa Conwy, linaitwa Perfeddwlad, na kilichobaki wakagawana Owain na Llywelyn. Haikutosha, Dafydd akawa mkubwa nae akadai fungu, alishapewa sehemu ndogo kule rasi ya Llŷn ila anataka zaidi, na mwaka 1253 akaenda kuapa utii moja kwa moja kwa Henry. Henry akakubali mara moja, haki ni haki, kila ndugu apate chake! Mtu ambaye kwao Uingereza mtoto wa kwanza anachukua ufalme wote ghafla kawa mtetezi wa desturi za Wales. Ndo maana nasema jamani. Vipande vinne vya Gwynedd kila kimoja kinamwapia yeye, hiyo siyo huruma, hiyo ni hesabu ya kugawanya.

Wazee wetu walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Henry, na baadae mwanae Edward, hawakugusa jembe. Walishika kapu wakati ugomvi uko moto.

Basi 1255 ikafika, Owain na Dafydd wakaungana dhidi ya Llywelyn, wakakutana pale njiani, saa moja imeisha. Owain akafungwa zaidi ya miaka 20. Kuna mshairi anaitwa Hywel Foel alitunga kumlilia, anamuita mgeni wa siku nyingi ndani ya mnara, kwahiyo usidhani watu wote walifurahia, kuna waliosema wazi kwamba kaka kumfunga kaka hivi siyo sawa. Dafydd yeye akaachiwa baada ya muda mfupi na Llywelyn akamrudisha kazini.

Kwa muda matokeo yalikuwa ya ajabu. Mwaka uliofuata Llywelyn akavuka Conwy akairudisha Perfeddwlad karibu yote ndani ya wiki moja tu, Dafydd akiwa pamoja nae, kufikia 1258 wakubwa wengi wa Wales wanamwapia yeye na anajiita mtawala wa Wales. Uingereza wakawa na vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya Simon de Montfort, bwana mkubwa aliyemwasi Henry, akavitumia vizuri, na Septemba 1267 pale Montgomery Henry akamtambua rasmi kama Prinsi wa Wales kwa malipo ya maki 25,000, na maki moja ni theluthi mbili za pauni. Hela nyingi mno kwa nchi ya milima na kondoo. Hela hizo zilitoka mifukoni mwa watu na watu hawakusahau.

Lakini ndani ya mafanikio hayo tayari kuna ufa. Mwaka 1263 Dafydd alishahama kwenda upande wa Waingereza, na kwenye ule mkataba wa Montgomery kukawekwa kifungu kwamba lazima arudishiwe ardhi yake na akiona haitoshi kesi itaamuliwa. Yaani mkataba unaokufanya mtawala wa Wales nzima ndani yake una mlango wa nyuma wenye jina la mdogo wako. Rhodri yeye mwaka 1272 akasema mi siwezi makelele, akauza haki yake yote kwa ahadi ya maki 1,000 akaenda kuishi Uingereza kama bwana wa kawaida. Wengi wanamcheka Rhodri. Subirini.

Sasa kosa la Llywelyn, maana nae siyo malaika. Mwaka 1270 umri wake ulikuwa unakaribia miaka 50 na hana mke, hana mtoto. Alichumbia Eleanor binti wa Simon de Montfort wakati wa ile vita, Simon akauawa 1265, ndoa ikasimama. Kwahiyo kwa miaka yote hiyo mrithi wake anayeonekana kwa macho ni nani? Dafydd. Mtu aliyepigana nae, akamhama, akarudi. Huwezi kumuua maana ndo mrithi na ndugu, huwezi kumwamini maana unamjua, na ukimpa kidogo analalamika, ukimpa kingi anakuwa na nguvu za kukutoa. Llywelyn alichagua kumpa kidogo na kumwangalia. Mi nadhani hilo lilikuwa chaguo baya kuliko yote, bora angemgawia kipande cha maana pale 1267 alipokuwa na nguvu, au angeoa mapema miaka ya 1250 akapata mtoto na Dafydd akajua nafasi imeshafungwa.

Matokeo yakaja 1274. Dafydd akala njama na Gruffudd ap Gwenwynwyn, mtawala wa Powys kusini, pamoja na mwanae Owain, wamuue Llywelyn usiku wa tarehe 2 Februari. Dili ilikuwa Owain huyo wa Powys amwoe binti wa Dafydd na apewe ardhi ya Ceri na Cedewain, na yeye ndo alete watu wa kufanya kazi. Usiku huo ikapiga dhoruba ya theluji, watu wakashindwa kufika. Theluji tu ndo ilimpa Llywelyn miaka minane zaidi. Baadae Owain akakiri kila kitu mbele ya askofu wa Bangor. Llywelyn akatuma wajumbe kwa baba wa Owain huyo kule Powys kumuuliza, yule mzee akawakaribisha vizuri, akawaandalia chakula wakala, halafu akawafungia ngomeni na yeye akatoroka kwenda Shrewsbury. Dafydd nae alipoitwa kujieleza akavuka mpaka.

Wote wawili wakapokelewa na mfalme mpya, Edward I. Na kuanzia hapo kila kitu kiligoma. Edward anamwita Llywelyn aje apige magoti, Llywelyn anajibu nitakuja vipi wakati umewahifadhi watu waliotaka kuniua? Edward anamwita tena, Llywelyn haendi tena. Mwishoni mwa 1275 Eleanor akaolewa kwa wakala, yaani Llywelyn mwenyewe hayupo, akapanda meli kumfuata mumewe, Waingereza wakaikamata meli baharini wakamfungia Windsor. Novemba 1276 Llywelyn akatangazwa muasi.

Kuna wanaosema Llywelyn alizingua, angemeza kiburi akaapa tu yangeisha. Nimelifikiria hilo sana. Kiheshima alikuwa na hoja, ila kihesabu hakuwa nayo, kwasababu Edward siyo Henry, ana pesa, ana meli, ana subira. Mwaka 1277 akatuma watu wake kisiwani Môn wavune ngano ya Wawelsh, lile ghala, na njaa ikafanya kazi ambayo jeshi halikuhitaji kufanya. Novemba 1277 mkataba wa Aberconwy: Llywelyn anabaki na Gwynedd ya magharibi ya mto, ile ile aliyokuwa nayo jioni ya Bryn Derwin, na Owain anatolewa jela anapewa Llŷn. Miaka 22 imefutwa.

Na Dafydd? Huyu alipigana upande wa Edward akitegemea fungu ndani ya Gwynedd yenyewe. Edward akampa Rhufoniog na Dyffryn Clwyd, sehemu mbili za Perfeddwlad, mashariki ya mto. Yaani siyo kiti, ni kazi. Halafu maofisa wa Kiingereza wakaanza kumsumbua hukohuko, wanakata misitu yake, anashtakiwa kuhusu ardhi ya Hope kwenye mahakama ya Chester, mahakama ya Kiingereza, na yeye anapiga kelele kwamba hii ni ardhi ya Wales na sheria iwe ya Wales. Mtu aliyetumia sheria ya Wales kumvunja kaka yake sasa anailia sheria hiyohiyo imlinde na rafiki yake mfalme. Ukiwa kibaraka unathaminiwa mpaka siku kazi inaisha, baada ya hapo wewe ni Mwelsh kama wengine.

Machi 1282, mkesha wa Jumapili ya Matawi, Dafydd akaivamia ngome ya Hawarden usiku na vita ikawaka Wales nzima. Llywelyn akajikuta kwenye hali ambayo mi huwa nawauliza watu wangefanya nini: mdogo wako aliyejaribu kukuua ndo kaanzisha vita ya kuwatetea watu wako. Ukikaa pembeni wewe siyo kiongozi tena, ukiingia unaingia vita ambayo hukuipanga. Akaingia. Juni mkewe Eleanor akafa akijifungua, mtoto wa kike, Gwenllian. Ndoa yao ilifanyika Worcester 1278, mtoto kaja Llywelyn ana karibu miaka 60, na mama kaondoka.

Askofu mkuu Pecham wa Canterbury, Uingereza, akaja kupatanisha. Masharti ya siri: Llywelyn aiache Eryri apewe ardhi Uingereza yenye mapato ya pauni 1,000 kwa mwaka, Dafydd aende vita vya msalaba na asirudi bila ruhusa. Wakakataa wote. Jibu la Dafydd lilikuwa kwamba akienda Nchi Takatifu ataenda kwa ajili ya Mungu siyo kwa ajili ya binadamu, na hapo lazima umpe maua yake hata kama humpendi. Kwa mara ya kwanza tangu 1255 hawa wawili wako upande mmoja kabisa bila mlango wa nyuma, ila muda umeisha. Tarehe 11 Desemba 1282 Llywelyn akauawa karibu na Builth, mbali na Gwynedd, kichwa kikapelekwa London. Dafydd akajiita mtawala wa Wales kwa miezi sita, anahama ngome hadi ngome, mpaka Juni 1283 akakamatwa milimani, na Edward akaandika kwa kujisifu kwamba waliomkamata ni watu wa lugha yake mwenyewe. Oktoba 1283 Shrewsbury, akaburutwa na farasi, akanyongwa, akapasuliwa, akakatwa vipande vinne.

Sasa turudi kwenye swali letu. Babu alifuta mgawanyo, ndugu mmoja akaishia kuwa karata ya Henry. Woodstock wakagawana, ndugu wakaishia kuwa karata za Henry. Llywelyn akachukua vyote kwa nguvu, Dafydd akaishia kuwa karata ya Edward. Njia tatu tofauti za urithi, jibu moja. Sasa desturi inaingiaje hapo? Wana wa mfalme Henry II wa Uingereza nao walimpindukia baba yao mwaka 1173, na aliyewapokea ni mfalme wa Ufaransa, lakini hakuna anayesema Uingereza ina desturi mbovu ya urithi. Tofauti ni kwamba mfalme wa Ufaransa wa wakati ule hakuwa na uwezo wa kuimeza Uingereza, na Edward uwezo wa kuimeza Gwynedd alikuwa nao. Ndugu mwenye kinyongo yupo kila nyumba, shida ni anapotoka nje akakuta jirani kaacha mlango wazi na meza imeandaliwa.

Baada ya hapo Edward hakuacha punje. Gwenllian mtoto mchanga akapelekwa kwa watawa wa kike Sempringham, akafia huko 1337 baada ya kuishi miaka yake yote kama sista. Watoto wawili wa kiume wa Dafydd wakafungwa ngome ya Bristol, mmoja akafa bado kijana, na yule mwingine, Owain, mwaka 1305 ikatoka amri kwamba usiku awe analala kwenye kizimba cha mbao kilichokazwa kwa chuma.

Aliyesahaulika ni Rhodri, yule aliyeuza haki yake. Alikufa kitandani kwake Uingereza, akaacha mtoto, na mjukuu wake Owain Lawgoch akaenda kuwa askari wa kukodiwa Ufaransa, akajulikana, na akaanza kusema wazi kwamba Wales ni ya kwake kwa damu. Mwaka 1378 akiwa anauzingira mji wa Mortagne, mtu anaitwa John Lamb, Mskoti aliyejifanya rafiki, akamchoma akafa. Hazina ya Uingereza ilimlipa Lamb pauni 20.